Kapeti, Marumaru na Maji ya Deki

Siku niliyoamua kwamba sitabandika tena kapeti katika nyumba ninayolala, nilikuwa nimepiga magoti sebuleni, katika nyumba tuliyokuwa tumepanga Tabata, nimeshika pembe ya kapeti kwa mkono mmoja na tochi ya simu kwa mkono wa pili. Masika yalikuwa yanaelekea ukingoni, na kwa wiki tatu mfululizo sebule ilikuwa ikitoa harufu ambayo mke wangu aliifananisha na ya nguo zilizosahauliwa ndani ya ndoo. Tulishalaumu paa, tukalaumu bomba la jikoni, tukamlaumu hata paka wa jirani. Nilipoivuta ile pembe, gundi iliachia kwa mlio wa kitambaa kinachochanika, na chini yake saruji ilikuwa na madoa meusi ya kuvu, imelowa kana kwamba imedekiwa dakika ile ile, na mgongo wa kapeti ulikuwa umeota ukungu mweupe mithili ya unga uliomwagika. Binti yetu mkubwa, ambaye ana pumu, alikuwa akikohoa usiku kwa siku kadhaa, na kila jioni alijilaza kifudifudi juu ya kapeti hilo hilo akifanya kazi zake za shule.

Maji hayo hayakutoka kwenye paa wala kwenye bomba. Yalitoka ardhini. Nyumba ile ilijengwa bila kutandikwa nailoni nzito chini ya jamvi la zege, na saruji, ingawa kwa macho yetu ni jiwe, ina vitundu vidogo visivyohesabika vinavyovuta unyevu kutoka kwenye udongo na kuupandisha juu, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Sakafu iliyo wazi huutoa unyevu huo hewani kidogo kidogo, na mwenye nyumba asijue lolote. Ukiifunika kwa kapeti lililobandikwa kwa gundi kutoka ukuta hadi ukuta, unyevu hauna pa kwenda, nao hukaa katikati ya saruji na kapeti, pahali penye joto, giza na vumbi la kutosha. Ukitaka kufuga kuvu, huhitaji zaidi ya hayo.

Siwezi kusema kwamba kapeti ndilo lililompa mtoto pumu, kwa sababu pumu imo katika ukoo wetu tangu kwa babu. Hata hivyo najua kwamba utitiri wa vumbi, wale wadudu wadogo wasioonekana kwa macho ambao kinyesi chao huwachokoza wenye pumu, hawanywi maji bali huupata unyevu wao hewani, na hustawi pale unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 50. Hewa ya Dar es Salaam huwa juu ya kiwango hicho karibu mwaka mzima. Anayetandika kapeti nene mwambao anawapa makazi ambayo hali ya hewa imeshayawekea kila kitu.

Tulipoanza kumalizia nyumba yetu Kigamboni, nilidhani basi suala la sakafu limekwisha kabla ya kuanza. Nilikosea. Mke wangu, ambaye aliiona pembe ile ya kapeti kwa macho yake, bado alitaka kapeti sebuleni na vyumbani. Mdogo wangu wa kike, aliyeolewa na kuhamia Leeds, alipiga simu kumuunga mkono wifi yake, akasema nyumba yenye sakafu tupu haina tofauti na hospitali. Mama yangu, mzaliwa wa Pangani, hakusema kitu, alisubiri.

Hoja za mke wangu zilikuwa na uzito, na nitazieleza kwa haki. Ya kwanza ilihusu mwili: sisi ni watu wa kukaa chini. Jioni watoto wako chini, wageni wa karibu wakija kwa mazungumzo marefu huteremka kwenye kochi na kukaa chini, na siku ya shughuli sinia la pilau huwekwa chini. Sakafu ngumu isiyo na kitu juu yake huumiza nyonga za watu wazima na magoti ya mtoto anayetambaa. Ya pili ilihusu kelele. Chumba chenye marumaru na kuta tupu hurudisha kila sauti. Kijiko kikianguka jikoni, aliyelala chumbani huamka, ilhali nyuzi za kapeti huimeza sauti hiyo kabla haijafika mbali. Anayekaa ghorofani na mwenye watoto wawili wanaocheza mpira ndani atakubaliana naye kabla hajamaliza kuzungumza, na jirani wa chini atakubaliana naye zaidi. Ya tatu ilikuwa ya macho, nayo sikuijibu, kwa kuwa sina jicho hilo.

Mdogo wangu naye hakuwa na kosa kwa kule aliko. Nyumba nyingi za zamani za Uingereza zina sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya uwazi ambamo hewa ya baridi hupita, na ndani huwashwa vipasha joto kwa miezi mingi, hewa ikakauka. Kapeti huko hukaa juu ya mbao kavu, huziba mianya ya upepo, na huzuia miguu isigande. Aliwahi kunionyesha kwa simu nyumba ya kwanza waliyopanga, ambayo ilikuwa na kapeti hadi bafuni, kuzunguka choo, na akacheka mwenyewe kabla sijasema neno. Bafu hilo lilinitosha kuona kwamba kapeti la ukuta hadi ukuta lilizaliwa katika baridi, na kwamba hata huko watu hulipitisha mpaka.

Baridi hiyo tunayo pia hapa kwetu, ila si Kigamboni. Mwaka mmoja mwezi Julai nililala Njombe, kwenye mwinuko wa kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, katika nyumba mpya yenye marumaru nyeupe kila chumba, na alfajiri nilipoteremsha miguu kutoka kitandani nilirudi kitandani. Marumaru na kapeti vilivyolala usiku kucha katika chumba kimoja vina joto sawa, lakini marumaru hulipitisha joto haraka, kwa hiyo huunyonya mguu wako joto lake pale pale unapokanyaga, wakati nyuzi za kapeti, zenye hewa iliyofungwa katikati yake, hulinyonya polepole sana. Mwenyeji wangu alikuwa ameiga nyumba aliyoiona Dar es Salaam. Alichokipenda Dar es Salaam, ule ubaridi unaoburudisha miguu saa nane mchana wa mwezi Februari, ndicho kilichokuwa kikimfukuza sebuleni kwake mwezi Julai. Mtu wa Njombe, wa Makete au wa Lushoto akiniambia anatandika kapeti chumbani, namwambia aweke nailoni chini ya zege kwanza, kisha atandike.

Mwambao ni mambo mengine, na tofauti kubwa naiona katika jinsi tunavyosafisha. Sisi tunapiga deki. Nyumba hufagiliwa asubuhi, kisha ndoo ya maji hutiwa sabuni, tambara likakamuliwa, na sakafu yote ikapigwa deki kutoka chumba cha ndani kabisa hadi barazani. Na nyumba ambayo haijadekiwa huhesabiwa kuwa haijaamka. Kapeti la kubandikwa haliukubali usafi huu. Linataka kifyonza vumbi, kifyonza vumbi kinataka umeme, na umeme una ratiba zake. Kwa hiyo kinachotokea katika nyumba nyingi ni kwamba kapeti hufagiliwa kwa ufagio, vumbi la juu likahamia upande wa pili wa chumba, na mchanga ukazama kwenye shina la nyuzi. Mchanga wa Kigamboni, ambao ni wa pwani, mweupe na mwembamba, huingia na kila mguu hata viatu vyote vikiachwa mlangoni. Kuna mgeni ambaye atavua viatu hata ukimwambia mara tatu, "Usivue, ingia tu," kwa sababu wote wawili mnajua kwamba hukumaanisha. Lakini hata huyo, mchanga anakuja nao, maana umo kwenye vidole.

Mambo hayo niliyaeleza nyumbani kwa urefu kuliko nilivyoyaandika hapa. Mke wangu alisikiliza, kisha akauliza sakafu ngumu nitakayoweka ni ipi, kwa kuwa "ngumu" si jina la kitu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa najua nisichokitaka tu.

Nilianza na zile za zamani. Nyumba ya wazazi wa mama Pangani ilikuwa na sakafu ya niru nyekundu: saruji laini iliyochanganywa na rangi, ikasuguliwa kwa mwiko wa chuma ikiwa bado mbichi hadi ikang'aa, na baadaye ikawa inapakwa nta kila mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani kuingia. Niru ni ya bei rahisi kuliko zote, na ikipigwa na fundi mwenye subira hudumu. Tatizo lake ni nyufa, ambazo huja zikitaka, na siku hizi mafundi wenye subira hiyo ni wachache, kwani wengi huipiga niru kama kitu cha kusubirishia fedha za marumaru.

Terazo ndiyo iliyonitia tamaa. Shangazi yangu anaishi katika ghorofa moja la zamani Upanga, na sakafu yake ni ile ile aliyoikuta alipohamia, vipande vidogo vya mawe meusi, meupe na ya rangi ya kahawia vilivyozamishwa katika saruji na kusagwa kwa mashine hadi vikawa uso mmoja, vikagawanywa kwa mistari myembamba ili saruji ikisinyaa au kutanuka isipasuke ovyo. Kwa miaka yote hiyo hakuna kigae kilichobanduka, kwa sababu hakuna kigae. Nilitafuta fundi wa terazo kwa miezi miwili. Niliyempata alikuwa akifanya kazi za majengo makubwa tu, na aliponieleza kuhusu mashine ya kusaga, na tope litakalotiririka nyumba nzima kwa siku kadhaa, na bei, nilimshukuru nikaondoka.

Mbao nilizipita haraka. Vibao vya mninga ni vizuri, na msaji unaolimwa Longuza, Muheza, ni mti unaojulikana duniani, lakini mimi naishi na mchwa, na mbao hunywa unyevu wa masika na kuutema wakati wa kiangazi, zikitanuka na kusinyaa. Zile mbao za kuunganishwa zinazouzwa madukani, ambazo ndani yake ni unga wa mbao uliogandamizwa, ni mbaya zaidi kwa mtu wa deki, kwani maji yakiingia kwenye maungio hufura na hazirudi tena. Kapeti la plastiki, lile la kukatwa kwa mita, linamfaa mpangaji anayehama nalo. Nalo pia hufungia unyevu chini, ila angalau hubebwa likaanikwa.

Zikabaki marumaru, ambazo karibu kila mtu huishia kwazo, na ambazo karibu kila mtu huzinunua kwa kuangalia rangi. Jina lenyewe limehama. Marumaru ni jiwe, lile la makaburi ya wafalme, lakini kwetu Tanzania limekuwa jina la kigae chochote cha sakafuni, kiwe cha udongo wa Mkuranga au Chalinze, ambako sasa kuna viwanda vikubwa, au cha kutoka ng'ambo. "Sakafu" nalo ni neno lililosafiri: kwa Kiarabu asili yake ni paa, na kwetu ni pa kukanyaga, jambo lisilo la ajabu kwa watu wa nyumba za mawe za mwambao, ambako boriti za mikoko zilizobeba mawe na chokaa zilikuwa dari kwa aliye chini na sakafu kwa aliye juu.

Kuna aina mbili kuu dukani, nazo hufanana kwa sura. Marumaru za seramiki huchomwa kwa joto la chini kidogo, mwili wake una vitundu, na hunywa maji. Za poseleni huchomwa hadi mwili wake ukafumbana, na kwa kipimo kinachokubalika kimataifa haziruhusiwi kunywa maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Poseleni ni ngumu na hudumu zaidi. Lakini ugumu huo una gharama ambayo fundi wangu wa kwanza hakuijua. Yeye alizoea kuloweka kila kipande ndani ya ndoo kabla ya kukilaza, ili kisinyonye maji ya udongo wa saruji haraka, na kwa seramiki alikuwa sahihi. Poseleni hainywi, na kwa sababu hiyo hiyo saruji ya kawaida haina pa kuishika. Ukiiloweka unaongeza utelezi tu mgongoni mwake. Inataka gundi ya marumaru, ile ya mfuko, inayochanganywa na maji na kutandazwa kwa mwiko wenye meno.

Kosa lake la pili lilikuwa la kawaida zaidi. Alikuwa akiweka matonge matano ya saruji mgongoni mwa kila kipande, manne pembeni na moja katikati, akakipindua, akakigonga kwa nyundo ya mpira, akaangalia pima maji, akaendelea. Kwa macho kazi ilikuwa nzuri mno, mistari imenyooka, hakuna kipande kilichopanda juu ya mwenzake. Jioni moja nilipita na sarafu ya shilingi 200 nikawa nagonga kipande kimoja kimoja. Penye tonge sauti ilikuwa fupi na nzito. Pasipo na tonge ilikuwa ya kopo tupu. Kila pahali penye sauti ya kopo ni pahali ambapo mguu wa meza, au chupa ya gesi ikiwekwa kwa kishindo, utapasua marumaru, kwani chini hapana kitu. Tulizungumza, tena kwa heshima kwa sababu ni mtu mzima kuliko mimi, na vyumba vilivyobaki vilifanywa kwa gundi iliyotandazwa yote. Jiko lilikuwa limeshakwisha, na vipande vitatu karibu na mlango wa nyuma vimepasuka tangu hapo.

Kosa la tatu lilikuwa langu. Sebule yetu ina mita 5 kwa 4.5, yaani mita za mraba 22.5, na katoni moja ya marumaru za sentimita 60 kwa 60 ina vipande vinne, ambavyo ni mita za mraba 1.44. Katoni 16 zinatoa 23.04, na kwa ubahili wangu nikaona zinatosha na chenji inabaki. Sikuhesabu vipande vinavyokatwa kwenye kuta, vinavyovunjika njiani, wala vile ambavyo kirikuu iliyovileta ilivirusha kwenye mashimo ya barabara yetu ya mtaani. Kanuni ya kuongeza sehemu moja ya kumi ingenipa katoni 18. Niliporudi dukani kununua mbili zilizopungua, marumaru zilikuwa zile zile kwa jina, lakini za toleo jingine. Namba iliyopigwa ubavuni mwa katoni ilikuwa tofauti, na rangi, ambayo dukani chini ya taa niliiona sawa, nyumbani chini ya jua la dirishani ilikuwa imeegemea umanjano. Vipande vinane. Fundi alinishauri vikae pale litakapokaa kochi.

Halafu mama akaja. Alikuja kuiona nyumba, akazunguka chumba hadi chumba, akasifu madirisha, akasifu kisima. Korido tulikuwa tumeiwekea poseleni iliyong'arishwa, ile ambayo ukisimama juu yake unauona uso wako, na siku ya pili, akitoka bafuni kutia udhu na miguu ina maji, aliteleza akaangukia mkono. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini kifundo cha mkono kilivimba wiki nzima. Nilipokuwa namfunga bandeji alivunja ule ukimya wake wa muda mrefu. "Mwanangu, hii sakafu umeiweka ya kutazamwa au ya kukanyagwa?"

Sikuwa na jibu. Katika mashauri yote yale ya kapeti na marumaru, hakuna aliyeuliza kuhusu utelezi, wakati nyumba yetu ni ya Waislamu, miguu inatoka na maji bafuni mara tano kwa siku. Tulizibandua marumaru za korido, kazi inayouma kuliko kuziweka, na safari hii nilikwenda dukani na chupa ya maji. Nilimwomba muuzaji aniwekee sampuli chini, nikavua kiatu na soksi, nikazimwagia maji na kuzikanyaga moja baada ya nyingine huku wateja wengine wakinitazama. Baadhi ya makatoni huwa na alama ya R9, R10 au R11, na namba ikipanda utelezi hupungua, lakini kipimo hicho hufanywa kwa mtu aliyevaa viatu akitembea juu ya mteremko uliopakwa mafuta. Kwa miguu mitupu na maji kipo kipimo kingine, chenye herufi A, B na C, ambacho madukani kwetu sijakiona kikiandikwa. Kwa hiyo naamini zaidi unyayo wangu. Nilichukua zisizong'aa, zenye uso unaokwaruza kidogo, na bafuni nikamtaka fundi aipe sakafu mteremko wa kama sentimita moja na nusu kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, ili maji yasisimame. Hushika uchafu kuliko zile za kung'aa, hilo ni kweli, na anayedeki analalamika. Ni mimi ninayedeki.

Sebuleni tulibaki na ile hoja ya kukaa chini, ambayo ilikuwa ya haki tangu mwanzo. Mama aliimaliza bila kubishana na mtu. Alipopona alirudi Pangani, na mwezi uliofuata akatuma kwa basi mzigo uliofungwa kwa kamba: jamvi kubwa la miaa na mikeka miwili ya ukindu, mmoja mweupe na mmoja wenye mistari ya zambarau na kijani. Jamvi linatandikwa siku ya wageni wengi. Mkeka wa rangi unakaa sebuleni. Mweupe ni wa mama mwenyewe akija, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kuukanyaga na uji mkononi. Mke wangu naye alinunua zulia moja la mita 2 kwa 3, lenye nyuzi fupi, ambalo watu wawili wanaweza kulikunja na kulitoa nje. Hilo lilikuwa sharti langu pekee na alilikubali kabla sijamaliza kulieleza: chochote kilicho laini ndani ya nyumba hii lazima kiweze kubebwa hadi kwenye jua.

Nyuzi fupi nazo ni muhimu. Yale makapeti ya manyoya marefu yaliyojaa Kariakoo, laini kama mwanakondoo, nimeyaona kwa majirani yakiwa yamemeza sindano, punje za wali, na mara moja hereni ya dhahabu iliyotafutwa mwezi mzima.

Binti yetu bado ana pumu. Anakohoa kwa nadra zaidi, ila pia amekua, na tumehama kutoka barabara ya vumbi zaidi, kwa hiyo sitaki kuigawia sakafu sifa zote. Kelele zimebaki tatizo: marumaru zinaongea, na mapazia mazito tuliyoongeza yamepunguza nusu tu. Mwezi wa saba, Kigamboni ikipata upepo wa kusi, asubuhi hata mimi hutafuta malapa kabla ya kukanyaga chini.

Jumamosi ndiyo siku ya zulia. Tunalikunja, tunalitoa, tunalitundika juu ya ukuta wa uani, na watoto hulipiga kwa mwiko mkubwa wa ugali hadi vumbi liishe au wachoke wao. Mikeka hufutwa kwa tambara lenye maji na kuegemezwa kivulini, kwa kuwa ukindu ukikaa juani sana hukatika. Kisha makochi husogezwa ili nipige deki kote, na pale kwenye ukuta wa dirishani, jua la saa nne likiwa limeingia ndani, vile vipande vinane hujitokeza vyote kwa rangi yake ya umanjano. Mke wangu huwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Huvihesabu kwa sauti, kimoja kimoja, hadi cha nane, kisha huniambia niendelee kudeki.